Mama alikataa tupige picha bustani yake

Wiki hii hatuandiki juu ya masomo wala juu ya kutafuta kazi. Tunaandika juu ya dodo, matembele, na mti mmoja wa avoka ambao haujafika hata magotini.

Sisi ni wakimbizi wa mjini. Tunapanga vyumba Nyamirambo, Kimisagara na Gikondo. Wengi wetu tulitoka Kivu, wengine Burundi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025 tulienda watu wanne kumtembelea rafiki yetu anayeishi na wazazi wake kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, kule mashariki karibu na mto Akagera. Tulijuana naye kwenye mafunzo ya kompyuta hapa Kigali. Kila akipiga simu alikuwa anasema, "Ninyi watu wa mjini, mtakuja lini?" Na sisi kila mara tulikuwa na sababu.

Safari hii tukasema basi, twende. Tulichagua Jumamosi ya katikati ya mwezi, maana ile ya mwisho ni umuganda na asubuhi husafiri. Tukaomba ruhusa ya kuingia kambini, tukapanda gari Nyabugogo alfajiri: Rwamagana, Kayonza, Ngoma, mpaka Kirehe, halafu pikipiki mpaka getini. Mkononi tulibeba sukari, mikate, sabuni na chupa moja ya mafuta.

Tuseme ukweli. Tulienda kama watu wanaoenda kusaidia. Mkimbizi wa mjini anajiona amepanda ngazi moja juu ya yule wa kambini. Hapati msaada wa chakula wa kila mwezi, kodi inamkimbiza kila tarehe moja, lakini bado anasema, "Angalau mimi siko kambini." Ugonjwa huo tunao. Tuliuacha Mahama, au tuseme tuliacha nusu yake.

Nyumba ya rafiki yetu iko kwenye mstari wa nyumba nyingine zinazofanana nayo. Kati ya ukuta na mfereji wa maji ya mvua kuna nafasi ya hatua kama sita kwa nne. Hapo ndipo Mama alipotengeneza bustani yake.

Kwanza kuna ile Wanyarwanda wanaita akarima k'igikoni, bustani ya jikoni: udongo umepandishwa ngazi kwa ngazi kwa mduara, chini pana, juu nyembamba, kama keki ya harusi. Hapa Rwanda ilihimizwa sana kila nyumba iwe nayo, ili watoto wasipate bwaki. Ngazi ya chini ameweka dodo, ile wazee wetu wa Kivu wanaita lengalenga. Ya katikati vitunguu na karoti. Juu kabisa intoryi, zimeanza kufunga matunda meupe.

Halafu kuna magunia tisa. Tulidhani gunia ni kujaza udongo tu na kupanda juu. Kumbe kuna akili yake. Unachukua kopo kubwa lisilo na tako, unalisimamisha katikati ya gunia, unajaza mawe madogo ndani yake, na udongo uliochanganywa na mbolea unaujaza pembeni. Unavuta kopo juu kidogo, unajaza tena, mpaka ufike mdomoni. Ukimaliza, katikati inabaki nguzo ya mawe. Maji ukimwaga juu yanapita kwenye mawe na kufika mpaka chini, hayabaki juu kukauka na jua. Ubavuni mwa gunia unatoboa matundu, unapanda sukuma na spinachi. Gunia moja linachukua nafasi ya sufuria lakini linabeba miche mingi kuliko kitanda cha mita moja.

Maji anayotumia ni ya kusuuzia mboga na vyombo, kabla sabuni haijaingia. Mahama kuna joto, na mvua za mashariki zinaweza kukudanganya. Mama alituambia, "Hapa maji hayamwagwi. Yanapewa mtu au yanapewa gunia."

Marakuja imepanda juu ya paa la jiko na kuleta kivuli. Chini ya kivuli hicho tulikaa. Yaani, hatuwezi kueleza vizuri. Sisi tunaoishi kwenye uwanja wa saruji wenye milango minane na choo kimoja, kukaa chini ya kitu kibichi, mtu anachuma jani mbele yako na dakika ishirini baadaye unalikula, ni raha ambayo tulikuwa tumeisahau. Mmoja wetu alinyamaza muda mrefu. Baadaye alisema bibi yake Rutshuru alikuwa na marakuja juu ya jiko namna hiyo hiyo.

Tulikula ugali, matembele, dodo na ndagala kidogo. Mama alikuwa anarudia, "Mukule, watoto. Hii mboga hatukununua." Aliisema kwa heshima kubwa. Hatukununua. Mjini neno hilo halipo.

Hapo ndipo mmoja wetu akatoa simu apige picha ya bustani tuiweke kwenye ukurasa wetu. Mama akasimama haraka. "Hapana, mwanangu. Mimi unaweza kunipiga. Bustani hapana."

Tukacheka, tukidhani ni utani. Hakucheka. Akasema, "Picha itasema tumeshiba."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Ninyi mnaosoma na mliokuwa kambini mwaka 2021 mnakumbuka. Mwezi wa tatu mwaka ule, Mpango wa Chakula Duniani, ile tunayoita PAM, ulipunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda kwa asilimia 60 kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mwezi wa tano ukaja utaratibu wa makundi: wenye shida zaidi wanapata zaidi, wenye shida ya katikati wanapata kidogo, na wanaoonekana kujiweza hawapati. Tangu hapo kambini kuna swali moja ambalo kila mama analijua: mimi naonekana vipi?

Mama wa rafiki yetu anaogopa kwamba mtu akiona intoryi na marakuja zake ataandika mahali fulani kwamba familia hii inajiweza. Hatujui kama kuna mtu anayeandika hivyo. Pengine hayupo. Lakini angalieni hofu hiyo imefanya nini: mwanamke ana kitu kizuri alichokitengeneza kwa mikono yake, na anakificha kama mtu aliyeiba.

Tupige hesabu kidogo, maana wengine watauliza. Hatua sita kwa nne na magunia tisa vinatoa majani. Majani ni mazuri, yanaleta damu, yanamkinga mtoto. Lakini hayatoi unga, hayatoi maharagi ya mwezi mzima, hayatoi mafuta wala chumvi. Mtu mzima hawezi kuishi kwa dodo. Bustani inafanya sahani iwe na rangi na inamwokolea Mama zile faranga ambazo angepeleka sokoni kununua mboga, basi. Anayeiona na kusema "hawa sasa wanajitegemea" hajawahi kupika kwa watu saba.

Kama mnataka mkimbizi ajitegemee kwa kilimo, basi hapo mazungumzo ni ya ardhi, na ardhi yenyewe ipimwe kwa hekta. Mfano upo hapa hapa Rwanda. Kusini, wilaya ya Gisagara, wakimbizi wa kambi ya Mugombwa wanalima pamoja na Wanyarwanda wenyeji kwenye bonde la Misizi, mahindi na maharagi, wamo kwenye ushirika mmoja. Pale mtu anavuna, anakula, anauza. Hicho ni kitu kingine. Magunia ya Mama na bonde la Misizi visiwekwe kwenye ripoti moja kama vile ni ndugu.

Sasa tuje kwa Papa na avoka yake.

Papa hakuzungumza sana wakati wa chakula. Baada ya chai alituita nyuma ya nyumba akatuonyesha mche. Ameuzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Alitusimulia hivi.

Familia yao ilitoka Masisi, ikafika kambi ya Gihembe, Gicumbi, mwaka 1997, kambi ile ilipofunguliwa. Rafiki yetu alizaliwa pale. Gihembe ni mlimani, baridi, udongo mzuri. Papa alikodi kipande kidogo kwa jirani Mnyarwanda chini ya kambi. Miaka mingi alipanda vitu vya miezi mitatu tu: maharagi, viazi, dodo. Miti hapana. Alikuwa anasema, "Nipande mti wa nini na tunarudi?" Mwishoni, baada ya karibu miaka ishirini, akapanda ibinyomoro. Ikazaa. Akaanza kuuza.

Mwaka 2021 kambi ya Gihembe ikafungwa. Makorongo yalikuwa yamekula mlima, nyumba ziko ukingoni, ilikuwa hatari. Watu wakahamishiwa Mahama. Papa hakulaumu. Alisema mwenyewe aliona korongo likisogea kila msimu. Lakini ibinyomoro hazipandi kwenye lori. Alimwachia jirani. Mpaka leo jirani yule anampigia simu wakati wa mavuno kumwambia ni vikapu vingapi ametoa, na mara moja alimtumia pesa kidogo kwa simu. Papa alitueleza hilo akiangalia pembeni.

Mahama miaka mitatu hakupanda mti. Familia ilikuwa kwenye mchakato wa kupelekwa Marekani. Mahojiano yalipita, hospitali walipita. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wengi mnaosoma hapa mnalijua hilo kwenye miili yenu. Wengine walikuwa wameuza magodoro.

Mwezi wa tatu, mvua za itumba zilipoanza, Papa alichukua kokwa ya avoka iliyokuwa imechipua kwenye kopo dirishani, akaipanda.

Njiani kurudi tulibishana kwenye gari mpaka abiria wengine wakageuka. Mmoja wetu alisema Papa amekata tamaa. Avoka ya kupandikizwa inaweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, lakini ile ya kokwa inaweza kukusubirisha hata miaka saba. Mtu anayepanda kokwa amekubali kwamba miaka saba atakuwa hapo. Mwingine akajibu kwamba tumesubiri zaidi ya miaka saba bila avoka, kwa hiyo tofauti ni nini? Wa tatu akasema tatizo ni kwamba tutaanza kuupenda ule mti, kisha tutahamishwa tena.

Papa mwenyewe tulimwuliza kabla ya kuondoka. "Papa, na mkiondoka?" Akasema, "Kule Masisi nilikula avoka za mti ambao sikupanda. Kuna mtu alipanda, akaondoka au akafa, sijui. Huu nao utaliwa. Nikiwa hapa nitakula, nikiwa siko atakula mtoto wa mtu."

Sisi maoni yetu ni haya, na tunajua si wote kwenye kundi wanakubali.

Kupanda mti hakuna sahihi ndani yake. Hakusemi "nimekataa kurudi", hakusemi "sitaki kwenda kwingine". Tumefundishwa kukaa tayari: begi karibu na mlango, simu imechajiwa, usinunue kitanda kizuri, usipake ukuta rangi. Kila mwaka kuna habari ya mkataba, ya mazungumzo, ya orodha. Ukiishi hivyo mwaka mmoja, sawa. Ukiishi hivyo miaka ishirini na nane, unakuta umezeeka ukiwa umesimama mlangoni. Rafiki yetu ana miaka ishirini na mitatu na hajawahi kuona baba yake akipanga jambo la zaidi ya msimu mmoja, isipokuwa ibinyomoro zile na avoka hii. Alituambia tangu mti upandwe, Papa analala vizuri zaidi. Tunaandika tulivyosikia.

Kwa hiyo tuna maneno kwa pande mbili.

Kwanza kwenu wafanyakazi wa mashirika. Tunajua wengi wenu mnafanya kazi kwa moyo, na bajeti haitoki mfukoni mwenu. Lakini sikilizeni haya manne.

Mbegu zifike kwa wakati. Mvua za umuhindo zinaanza mwezi wa tisa, za itumba mwezi wa tatu. Mbegu zinatakiwa mkononi mwezi wa nane na wa pili. Mama aliwahi kupewa pakiti na shirika moja mwezi wa sita, jua limeshakauka udongo. Alipanda kwa adabu. Hakuna kilichoota. Halafu akaulizwa kwenye dodoso kama "alitumia vizuri pembejeo".

Ulizeni watu wanakula nini. Watu wa Masisi wanajua viazi na maharagi, wa Burundi wanajua mihogo na sombe yake. Ukimletea mtu mbegu ya mboga ambayo mtoto wake anaitema, umempa kazi tu.

Gunia la dodo lisihesabiwe kama kipato. Kama tayari halihesabiwi, basi tuambieni waziwazi, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwenye mkutano, ili akina mama waache kuficha bustani zao. Hilo halihitaji bajeti.

Na mkija kupiga picha, rudini msimu unaofuata bila kamera. Kaeni chini ya marakuja. Kuleni. Mtajifunza zaidi ya kwenye dodoso.

Sasa kwetu sisi vijana. Jembe tumelidharau. Tunalitumia kama tusi: "Usiposoma utalima." Wazazi wetu walilima, ndiyo maana tulisoma. Hatusemi kila mtu aache kompyuta ashike jembe, na hatumdanganyi mtu kwamba magunia tisa yatalipa ada. Tunasema tu kwamba kujua kukuza chakula ni elimu ambayo hakuna mpaka unaoweza kukunyang'anya, na wazazi wetu wanakaa nayo bila mtu wa kuwauliza.

Tena, tembeleaneni. Nauli ni ghali, tunajua; tulichanga mwezi mzima. Lakini nendeni. Mkifika msikae kama wageni wa heshima. Sisi tulifanya kosa hilo asubuhi, tukalirekebisha mchana: tulichota maji, tukajaza gunia la kumi, Mama akiturekebisha kila dakika. "Si hivyo, unakandamiza sana, mizizi itapumua wapi?" Tulicheka mpaka machozi. Siku ile hakuna aliyemsaidia mwenzake. Tulikuwa watu waliotembeleana.

Wakati wa kuondoka, sukari na mikate yetu ilionekana midogo sana mezani. Mama alitufungia dodo, intoryi na vipande vya matembele vya kupanda, akavifunga kwa jani la mgomba ili visinyauke. Mzigo tuliorudi nao ulikuwa mzito kuliko tuliokwenda nao. Kwenye gari kondakta aliuliza kama tunatoka kuvuna shambani kwetu. Tukasema ndiyo.

Matembele tumeyapanda Nyamirambo, kwenye mabidoni mawili tuliyoyakata juu na kuyatoboa chini. Mwenye nyumba aliguna, halafu juzi akaomba majani. Majirani wa mlango wa tatu nao wameomba kipande cha kupanda.

Picha ya bustani ya Mama hamtaiona hapa, tuliahidi. Picha iliyowekwa na maandishi haya ni ya mabidoni yetu. Piga hesabu ya majani, utaona ni machache. Hatujashiba, bado.

Na wewe, nyumbani kwenu mnapanda nini? Au mzazi wako alipanda nini zamani, na mliuacha wapi mti wenu? Tuandikie. Tutasoma yote.